Sinia la Bwana Marashi

Shangazi yangu alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya meno, na nyumbani kwake alikuwa akitengeneza matunda ya kuchovya kwenye chokoleti. Watu walimtania kwamba anawatafutia madaktari wake wateja. Yeye hakucheka. Utani huo alikuwa ameusikia mpaka umemtokea puani.

Hakuyafanyia biashara. Aliyatengeneza kwa shughuli za ndugu tu: huyu kaoa, yule kahitimu, mwingine kapata mtoto baada ya kusubiri sana. Siku hiyo shangazi angeingia na sinia limefunikwa, akalifunua, na humo ungekuta stroberi zimepangwa na vikonyo vyake vya kijani juu, vipande vya ndizi kwenye vijiti, nanasi lililokatwa pembe tatu, na chokoleti juu yake inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Ndugu zetu walilivamia sinia lile bila haya. Kwa mengi nawadharau ndugu zangu, lakini kwa hili nawadharau kwa moyo wote: hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza kama amechoka. Walimwuliza mbona safari hii hakuna zabibu.

Na kati ya wote waliokula bila kuuliza, hakuna aliyemfikia mume wake.

Tulimwita Marashi. Kazi yake ilikuwa kuuza bima, na harufu yake ilifika kabla yake na kubaki baada yake, ila kipindi cha katikati ndicho kilichokuwa kibaya zaidi, kwa sababu alikuwa anaongea. Alikuwa mtanashati, nisimnyime hilo. Shati limenyooka, kiatu kinameta, kitambaa mfukoni. Hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na nyumbani alirudi mapema. Ukimsema kwa majirani, walikushangaa: mwanamume kama yule unamtafutia nini?

Nilichomtafutia ni hiki. Tangu nimjue, sikumwona akifanya kitu, na sikusikia kitu kikisifiwa ambacho hakukipokelea sifa. Shangazi alilima bustani nyuma ya nyumba, Marashi akawatembeza wageni ndani yake akiwaonyesha "nyanya zangu." Mama mzazi wa Marashi alipougua, shangazi ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani mpaka mwisho. Siku ya mazishi Marashi alisimama mbele ya watu akaeleza jinsi alivyokosa usingizi. Watu walilia. Shangazi alikuwa nyuma, anaosha vikombe.

Waliishi hivyo miaka kumi na tisa. Halafu asubuhi moja, bila ugomvi, shangazi alikunja mashati yote ya mumewe, akayapanga vizuri kwenye masanduku, na kuyaweka nje ya mlango. Nyumba ilikuwa ya urithi wake. Marashi alisimama kwenye ngazi akamwuliza amekosa nini. Shangazi akamjibu, "Hujakosa kitu, bwana. Ili mtu akosee lazima kwanza afanye." Mahakama ikawaachanisha, na tukadhani tumemaliza naye.

Hatukumaliza. Kwenye shughuli zetu alizidi kuja bila kualikwa, akisalimia kwa sauti, akijisogeza karibu na meza. Mdogo wangu alipohitimu alikuja pia, na watu walipokuwa wanaondoka akamvuta mama yangu pembeni. Mama ni mtu laini, ukimlilia kidogo tu amekwisha. Marashi akamwomba amfungie matunda yaliyobaki ya shangazi kwenye mkebe, ampelekee mamake, maana hali yake si nzuri. Mama akamfungia mkebe mzima. Alipofika nyumbani, amevua viatu, ndipo akakumbuka kwamba mama wa Marashi alishakufa na yeye mwenyewe alikuwapo kaburini.

Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Shangazi naye, kwa mara moja, akacheka. "Mlafi yule," alisema, "mwacheni ale." Tulidhani ni ulafi tu.

Miezi ikapita. Alasiri moja nilikuwa kwa shangazi namsuka nywele, maana kazi yangu mimi ni ususi na yeye ndiye mteja wangu mgumu kuliko wote, tukasikia harufu. Hatukuhitaji kugeuka. Marashi alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Hodi wenyewe."

"Semea hapo ulipo," shangazi akamwambia. "Hapo hapo panatosha."

Akasema. Alikuwa amepata mchumba. Mwanamke wa heshima, fundi wa miwani, ana duka lake. Jumamosi kungekuwa na karamu ndogo nyumbani kwa wazazi wa huyo mchumba, ya kutangaza uchumba. Na akina mama wa kule wametamani sana, wametamani mno, pawe na matunda ya chokoleti.

"Sasa?" shangazi akauliza.

"Sasa nani mwingine anayeyaweza kama wewe?"

Nilishika kitana hewani. Nilikuwa nimeshamwona Marashi akifanya mengi ya aibu, lakini kumwendea mwanamke uliyeachana naye akupikie ya kumpeleka kwa mwenzake, hapo uso lazima uwe umetengenezwa kwa bati. Nikangoja shangazi amfukuze. Nilitaka hata kumshikia kofia aondoke nayo vizuri.

Shangazi alimgeukia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi asubuhi. Uje na matunda, uje na chokoleti ya kupikia, uje na wewe mwenyewe. Mimi sitagusa hata kikonyo. Nitakaa hapa nikuelekeze, na utayatengeneza kwa mikono yako."

Marashi akacheka kwa adabu, kama mtu aliyedhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akakubali. Hakuwa na pa kwenda kwingine, na mtu wa aina yake anajua vizuri sana nyumba zenye chakula.

"Umepatwa na nini?" nilimwuliza shangazi alipoondoka.

"Nataka kuona," akasema.

"Kuona nini?"

"Mikono yake. Miaka yote ile sijawahi kuiona ikifanya kazi."

Jumamosi sikukosa. Nilifuata umbea, sina sababu nyingine ya kutoa. Marashi alikuja na shati jeupe, jeupe kabisa, siku ya kushika chokoleti. Shangazi akamtupia eproni yenye maua mekundu.

"Nawa mikono."

"Nimeoga."

"Sikukuuliza kama umeoga. Chokoleti inanyonya harufu kuliko godoro. Nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na shingo ile pia, usituchovyee marashi."

Akanawa. Shangazi akavuta kiti katikati ya jiko, akakaa, akaweka mikono mapajani. Marashi akaangalia kiti kile, na nikaona macho yake yakitafuta kingine.

"Mimi nilidhani," alisema, "wewe utafanya, mimi nikae hapo nikupigishe soga."

"Umekaa hapo unanipigisha soga miaka kumi na tisa. Leo zamu yangu. Osha stroberi, usizing'oe vikonyo. Halafu kausha moja moja kwa kitambaa."

Alikausha tano, sita hivi, akachoka. Nyingine alizipangusa kwa pamoja, kama mtu anayefuta meza ya hoteli mbovu, akasema zimekauka. Shangazi akaniashiria. Nikachukua moja nikaibonyeza kwenye karatasi laini, karatasi ikaloa.

"Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti, imekwisha," shangazi alisema. "Rudia."

Akarudia huku anaguna. Nanasi lilimtoa jasho. Alilimenya akalibakizia macho yote, kisha akaanza kuyachimbua kwa ncha ya kisu mpaka nanasi likafanana na ukuta uliopigwa risasi. Ndizi alizikata nene na nyembamba kwenye mstari huo huo. Ilipofika zamu ya chokoleti, shangazi akamwambia aikatekate ndogo ndogo, theluthi moja aiweke kando, iliyobaki aitie kwenye bakuli kavu, na bakuli alikalishe juu ya sufuria yenye maji yanayofuka bila kuchemka.

"Bakuli lisiguse maji. Na ukiliinua, lifute chini kwanza."

Kwa hiyo akaliinua bila kulifuta. Mvuke ulikuwa umegeuka matone chini ya bakuli, naye akaliinamisha juu ya bakuli jingine ili amimine. Matone yakatangulia, chokoleti ikafuata. Ikajikunja pale pale. Ilikuwa laini kama hariri, mara ikawa donge lenye chembechembe, kama udongo wa mfinyanzi.

Marashi akalitazama donge. "Chokoleti yako mbovu hii."

"Chokoleti umeileta wewe."

"Basi sufuria."

Shangazi alimtazama tu kwa utulivu, kama mtu anayethibitisha jambo alilokuwa na hakika nalo siku nyingi. Marashi akavua eproni akaenda dukani kununua nyingine, na aliporudi jasho lilikuwa limemchora ramani mgongoni.

Alipokuwa anakatakata chokoleti ya pili, nikamwuliza swali la kawaida tu. Nilisema, "Si mngenunua keki, mjomba, mkajipunguzia shida?"

"Keki hawataki," akajibu bila kufikiri, kisu kinakwenda. "Mchumba anataka yale yale niliyompelekea."

Kisu kikasimama.

"Yapi?" shangazi akauliza.

Marashi akaanza kukusanya vipande vya chokoleti kwa ncha ya kisu.

"Uliyompelekea yapi, bwana?"

"Si yale ya... ya mahafali ya kijana. Yalibaki kidogo."

"Ya marehemu mama yako," nilisema.

"Ukamwambia kayatengeneza nani?" shangazi akauliza.

Marashi akapangusa kisu kwenye eproni upande huu na upande ule. "Unajua maneno ya uchumba yalivyo, mama. Mtu anaongeza chumvi."

"Ulimwambia umeyatengeneza wewe."

"Nilimwambia nimehusika."

"Umehusika vipi?"

"Niliyabeba," akasema.

Niliondoka jikoni, nikaenda kusimama ukumbini nikauma kanga yangu. Niliporudi nilitegemea kukuta vyombo vinaruka. Shangazi alikuwa amekaa vile vile.

"Haya," alimwambia. "Basi tukutengenezee uongo wako. Ukitoka hapa na sinia utakuwa umesema kweli, ingawa umechelewa. Endelea. Bakuli lifutwe chini."

Safari hii alilifuta. Chokoleti ikayeyuka vizuri, akaitoa motoni, akaongeza ile theluthi kidogo kidogo huku akikoroga, mpaka shangazi alipomwambia aonje joto lake kwa mdomo wa chini. Ikiwa haichomi wala si baridi, ni tayari. Akaonja na kusema ni tayari. Kabla ya hapo alikuwa ameshika sufuria bila kitambaa akaungua kidole, na kidole kile alikipuliza kama mtu aliyerudi vitani.

Akaanza kuchovya. Nisiseme uongo, zilikuwa mbaya. Stroberi ya kwanza ilimponyoka ikazama. Ya pili aliitoa mapema, ikabaki na upara. Nyingine alizilaza kabla hazijachuruzika, chokoleti ikajikusanya chini zikaota miguu. Ndizi moja ilitoka na alama ya kidole gumba iliyokamilika, ungeweza kuitolea kitambulisho. Shangazi alikuwa anasema tu: "Tikisa. Ngoja. Usiharakishe. Tikisa tena."

Kisha, katikati ya uchafu ule, moja ikatoka nzuri. Sijui ilitokeaje. Stroberi kubwa, imevaa chokoleti sawasawa mpaka mabegani, haina kiputo wala mguu. Marashi aliishika kwa kikonyo akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake ulibadilika. Kwa muda mfupi haukuwa uso wa kuuzia bima.

"Tazama," alisema, na sauti haikuwa ya kujigamba.

"Naam," shangazi akasema. "Ndiyo hivyo."

Ningependa kuishia hapo nimwache na stroberi yake. Lakini saa za karamu zilifika.

Aliniomba nimsaidie kubeba, maana alitaka kuingia mikono mitupu apate kusalimia. Nikabeba sinia. Nyumba ya wakwe ilikuwa ya watu wasafi wasio na makuu: sebule ndefu, viti vimesogezwa ukutani, saa ya ukutani inayokwenda mbele. Baba wa mchumba alikuwa mpima ardhi mstaafu. Mama mtu alikuwa amevaa nguo mpya, mshono bado una chaki. Kulikuwa na mjomba wa mchumba, majirani wachache, na mchumba mwenyewe, mwanamke aliyepita arubaini, mtulivu, mwenye mazoea ya kukutazama usoni kama anapima umbali wa jicho lako hili na lile.

"Huyu msaidizi wangu," Marashi akawaambia kunihusu.

Nikalimeza hilo. Nilitaka kuona mwisho.

Tukala, wazee wakaongea, uchumba ukatangazwa, watu wakapiga makofi. Halafu mama mtu akasema jamani, yale matunda tuliyosimuliwa mwaka mzima! Nikaweka sinia mezani, Marashi akalifunua kwa mkono mmoja, kiti cha pembeni kikavutwa ili wanaokaa nyuma waone.

Watu wakaona.

"Mbona kama yamepigana njiani?" mpima ardhi akauliza.

Wakacheka, wala si kicheko kibaya, kile tu cha watu walioshiba. Mchumba naye akatabasamu. Alichukua ndizi yenye dole gumba, akauma, akatafuna. "Si kitu," alisema. "Ni tamu. Tena tamu sana."

Mtu mwenye akili angejibu asante. Angesema mikono imeniteleza leo, na angependwa. Mwanamke yule alikuwa amemfungulia mlango, amemshikia, amempisha apite. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Marashi alikuwa na kitu mezani ambacho kweli ni chake. Lakini kicheko kilikuwa kimemchoma mahali pekee palipokuwa laini, napo ni kwenye sifa.

Akasimama. Akajikohoza.

"Ngojeni niwaambie ukweli," alisema. "Haya sikuyatengeneza mimi. Wiki hii kazi zilinibana, nikamwomba yule mke wangu wa zamani anisaidie. Nilimwamini. Na nyinyi mnaona wenyewe. Ameyaharibu makusudi, kwa wivu. Mimi simlaumu, mwanamke akiachwa moyo wake unakuwa mchungu. Yale ya kwanza, yale mazuri, ndiyo ya mkono wangu."

Akina mama wakaguna kwa huruma. Mjomba akatikisa kichwa, akasema wanawake bwana.

Mimi sipendi kusema mbele za watu wasionijua. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Mwongo," nilisema.

Wakageuka. Msaidizi anasema.

"Huyo mke wake wa zamani ni shangazi yangu, na leo asubuhi nilikuwa jikoni kwake. Haya mabaya kayatengeneza huyu mwenyewe, toka la kwanza mpaka la mwisho. Shangazi alikaa kwenye kiti hakugusa kitu. Yale mazuri ndiyo ya shangazi. Huyu aliyaomba kwetu kwenye mahafali, akasema anampelekea mamake mgonjwa, na mamake tulimzika zamani."

Hakuna aliyetafuna. Marashi akaniangalia, akawaangalia wao, akafungua mikono kama mtu anayewaonyesha kwamba hana silaha. "Si nimewaambia ni wivu? Ametuma mpaka mtoto wa kaka yake."

Mchumba alisogea karibu, akashika mkono wa kulia wa Marashi, akaugeuza kwenye mwanga. Chokoleti ilikuwa imeganda chini ya kucha tatu. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na lengelenge jipya. Aliutazama mkono ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Yalipokuwa mazuri ni wewe," alisema. "Yakiwa mabaya, ni yeye."

"Mpenzi, hebu nisikilize..."

"Na mimi ningekuja kuwa yupi?"

Hakupiga kelele. Akauachia mkono, akachukua sinia, akaanza kuzunguka nalo sebuleni mwenyewe. "Kuleni jamani, matunda hayana kosa." Alipofika mbele ya Marashi akalipitisha bila kusimama. "Wewe nenda nyumbani," alimwambia, kama anavyomwambia mteja kwamba duka limefungwa.

Marashi akamtazama baba mkwe. Mpima ardhi alikuwa anashughulika na kikonyo cha stroberi, kazi iliyomchukua nguvu zote. Akamtazama mjomba. Mjomba alikuwa amegundua saa ya ukutani. Basi akatoka, na harufu ikabaki mpaka walipofungua madirisha. Mama mtu ndiye pekee aliyelia. "Na nguo nimeshashona!" alikuwa anasema. "Nguo nimeshashona mimi!"

Nilimsimulia shangazi yote, mpaka saa ya ukutani. Alinisikiliza huku anapiga pasi sare yake ya kazi, miwani imemshuka puani. Nilitegemea acheke, au atukane, au walau aniambie nimefanya vizuri. Akauliza kitu kimoja tu.

"Ile moja nzuri, nani aliila?"

Sikujua. Sikuwa nimeangalia. Shangazi akageuza sare upande wa pili akaendelea kupiga pasi, na kwa uso wake nikaona kwamba hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa ameiona ikitengenezwa.

Ndugu waliposikia wakamlaumu yeye. Ndiyo, yeye. Eti amemharibia mwenzake riziki. Eti kwa nini hakumtengenezea tu, ingemgharimu nini? Walisema hivyo hao hao waliokula kwenye masinia yake bila kuuliza chochote, na nikafahamu kwamba Marashi hakutoka mbinguni. Alikuwa mmoja wetu, ila mwenye shati safi zaidi.

Siku chache baadaye yule fundi wa miwani alikuja kurudisha sinia. Alikuwa amelisugua likang'aa. Shangazi hakumkaribisha ndani, alitoka wakasimama barazani, mimi nikiwa dirishani.

"Nimekuja kukushukuru," mgeni alisema.

"Usinishukuru. Sikukufanyia wewe."

"Ulijua atasema uongo?"

"Uongo nilijua. Sikujua atausema hata kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Hapo alinishinda hata mimi."

Mgeni akatazama chini. "Mwaka mzima nimejiona mwerevu. Kazi yangu kuwasaidia watu waone."

"Wewe umemjua kwa sinia moja," shangazi alisema, kwa ukali ambao sikuutegemea. "Mimi nilimpikia miaka kumi na tisa. Usije kunililia hapa habari ya ujinga. Ukitaka kuona mjinga, yuko mbele yako."

"Kwa nini ulikaa?"

Nilidhani hatajibu. Si mtu wa kujibu.

"Nilikuwa nasubiri," alisema mwishowe. "Kila tukipata wageni nilisubiri aseme, 'Ni mke wangu aliyefanya.' Mara moja tu. Ingenitosha. Nilisubiri kama mwendawazimu anayesubiri basi kwenye barabara iliyofungwa, na barabara yenyewe nilikuwa naiona imefungwa."

Hawakukumbatiana. Hawakugeuka marafiki, mambo hayo nawaachia wanaopenda kudanganywa. Mgeni alimtazama usoni kwa namna yake ile ya kupima, kisha akanyoosha mkono akamvua miwani bila kuomba ruhusa, akaukunja mkono wa fremu kidogo kwa vidole, akamrudishia puani.

"Ilikuwa imekaa upande," alisema. "Ndiyo maana pana alama pale puani."

"Nilidhani ni uzee."

"Ni fremu."

Akaenda zake. Shangazi akabaki barazani anageuza kichwa huku na huku, anatazama mtaa.

Tangu siku ile hakupeleka sinia kwenye shughuli ya ndugu yeyote. Wamenung'unika, wamemtumia wajumbe, mjumbe mmoja akiwa mama yangu aliyerudi ameshindwa. Anatengeneza bado, ila kwa anayemtaka yeye: kwa wenzake wa zahanati, kwa jirani yake anayezeeka peke yake, na siku nyingine bila sababu, Jumapili, tukala wawili mpaka tukachoka utamu.

Marashi naye hajakaa bure. Amepata mjane mwenye duka la rangi, na habari tulizonazo ni kwamba amemweleza jinsi alivyopaka rangi nyumba yake nzima kwa mikono yake, ndani na nje, mpaka dari. Mama yangu ndiye aliyetuletea habari hizo, na kwa ule ulaini wake akaongeza kwamba labda safari hii ametulia.

Shangazi alikuwa anakausha stroberi kwa kitambaa, moja moja. Hakuinua kichwa.

"Mwambieni huyo mjane," alisema, "ampe ngazi."